Mzee Ramani na Picha za Mirihi

Mtu aliyeniletea Mirihi dukani alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi na raba zilizojaa vumbi la Bunju mpaka kwenye kamba. Ilikuwa Ijumaa mchana, watu wametoka kuswali, nami nilikuwa natoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtu. Nilimwamkia, akaitikia, akanikabidhi flashi.

"Toa ya kwanza na ya pili. Usiibane, usiinyooshe, usiirembe."

Nikafungua, nikaona ukurasa mzima wa kijivu wenye mabaka na mikwaruzo.

"Mzee, faili lako limekufa hili."

"Halijakufa, binti. Hiyo ni Mirihi."

Nina steshenari hapa Bunju, kando ya barabara ya Bagamoyo na nimeshatoa kila aina ya karatasi: barua za kuomba kazi, mitihani ya majaribio, kadi za harusi, wasifu wa marehemu. Sayari nilikuwa sijatoa. Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Wapi! Macho yalikuwa yanamwaka kama ya mtoto aliyeambiwa kesho ni Sikukuu.

Mtaani tulimwita Mzee Ramani. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye ofisi ya ramani, akisoma picha za ardhi zilizopigwa na ndege na kuwaambia wachoraji kwamba huu ni mto, hii ni barabara, hiki ni kivuli tu msikichore. Alipostaafu akawa hana pa kusoma. Ndipo akagundua kuwa kuna vyombo vinavyoizunguka Mirihi miaka nenda miaka rudi, vinaipiga picha kutoka juu, na picha zenyewe zinawekwa mtandaoni, anayetaka achukue.

"Bure, binti!" aliniambia, huku akiangalia mlangoni kama vile siri itatoka. "Zimejaa tele, na wasomaji hawatoshi!"

Alichokitaka alikisema siku hiyo hiyo, maana hakuwa mtu wa kuzunguka. Alitaka kuona kitu kimoja kilichobadilika. Picha mbili za mahali pamoja, moja ya zamani na moja ya karibuni, na kwenye ile ya karibuni kuwe na kitu ambacho zamani hakikuwepo: shimo jipya, lililochimbwa na jiwe lililodondoka kutoka angani. "Miaka yote ofisini nilisoma ardhi imekaa kimya," alisema. "Nataka niione sayari ikifanya jambo." Halafu akaongeza, kama anayetaja kitu kidogo, kwamba ana presha ya macho, kwamba daktari amemwambia kinachopotea hakirudi, na kwamba jicho la kushoto limeshaanza kufunga pembeni. Kwa hiyo tusichelewe.

Nikasema sawa, tusichelewe. Nilikuwa namridhisha mteja tu.

Alikuwa na chombo chake cha kazi, lenzi mbili kwenye fremu yenye miguu minne myembamba ya chuma. Alikiita miwani ya mezani. Unakisimamisha juu ya picha mbili za mahali pamoja zilizopigwa kutoka pande mbili tofauti, unainama, jicho moja linatazama picha hii na jingine ile. Siku ya kwanza aliponiinamisha pale, niliona karatasi mbili za kijivu na kivuli cha pua yangu.

"Legeza macho," aliniambia. "Yaache yapotee, kama unawaza habari za watu."

Hilo naliweza. Nikalegeza, na mara karatasi ikafunguka! Bonde likashuka chini kabisa, chini kuliko meza, chini kuliko sakafu ya duka, kingo zake zikasimama wima pande zote mbili, na mchanga uliokuwa umeporomoka kutoka ukingoni nikauona umelala kule chini kama unga uliomwagika. Nilipiga ukelele. Niliruka nyuma nikamkanyaga mama mmoja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti. Mzee Ramani alicheka hadi akatafuta kiti.

Kuanzia siku hiyo nilikwisha. Wateja wakawa wananikuta nimeinama, wananiita mara tatu. Wapo waliosema nimeingiwa na kitu, na sikuwabishia, kwa sababu kweli nilikuwa nimeingiwa.

Kufundishwa na mzee yule kulihitaji moyo. Swali lake la kwanza kwa kila picha lilikuwa hilo hilo: "Jua liko wapi?" Usipojua mwanga unatokea upande gani, alisema, huna haki ya kufungua mdomo, kwa sababu shimo na kilima vinabadilishana nguo. Akaichukua picha yenye mashimo kama kumi hivi, akaigeuza juu chini mbele ya macho yangu, na mashimo yote yakatuna yakawa vipele. Akairudisha, yakazama. Nilimwomba arudie mara nne. Sheria yake ya pili ilikuwa kali zaidi: "Usiniambie ni nini. Niambie kikoje." Ukisema "naona mto mkavu", anaichomoa karatasi mkononi mwako. Unatakiwa useme kinaanzia wapi, kina upana gani, wapi kimeng'aa, wapi kina kivuli, na kinaishaje. Ukishasema yote hayo bila kukosea, ndipo unaruhusiwa kukipa jina, tena kwa sauti ya chini.

Na hakuiacha sheria hiyo kwenye picha. Siku moja nilimlalamikia kuwa wifi yangu ananichukia.

"Amefanya nini?"

"Hajaja kwenye sherehe ya mwanangu."

"Nani alimwalika?"

Nikafikiri. Mimi nilidhani mume wangu amemwalika, na mume wangu alidhani mimi. Jioni ile nilimpigia wifi simu kuomba radhi, na nilimnunia Mzee Ramani wiki nzima kwa kuwa alikuwa sahihi.

Usidhani alikuwa mtu wa subira. Mirihi aliisubiri, picha ya sehemu moja aliweza kuingoja miezi mpaka chombo kipite tena na jua likae pazuri, lakini chai ikichelewa dakika tatu aliita kama nyumba inaungua. Alikuwa hajapanda ndege hata siku moja, yeye aliyeishi kwa picha za ndege. Nilipomuuliza alisema, "Waliopanda walikuwa wanatapika. Mie niliketi chini nikaona vizuri." Na kupotea njia alikuwa hodari. Kuna siku alikwenda mazikoni Kimbiji, akakataa kuuliza watu njia, akakataa ramani ya kwenye simu, eti pwani ile anaijua, alishiriki kuichora. Alifika watu wameshazika na wanakula pilau. Mkewe akamuuliza alipotelea wapi. "Sijapotea," alijibu. "Ramani iko sahihi. Watu ndio wamejenga ovyo."

Mkewe alikuwa mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, mwanamke mpole mwenye ulimi. Makaratasi yalikuwa yamejaa mpaka juu ya kabati lake la vyombo, na kila nilipokwenda kwao alinishitakia. "Wenzangu waume zao wana vimada Tabata," alisema, "unapanda gari unakwenda unamaliza ugomvi. Wangu kimada wake yuko Mirihi. Nipande nini mie?" Picha zenyewe hakuzitazama kabisa. Alisema jangwa ni jangwa.

Kahawani walimzoea. Wakati wengine wanabishana mpira, yeye alitoa habari za hewa ya kule: leo vumbi limefunika upande mzima wa kusini, leo anga safi, leo lile wingu refu limerudi. Wingu hilo alilipenda kupita kiasi. Ni jeupe na jembamba, na katika msimu wake hujinyoosha kila asubuhi kutoka ubavuni mwa mlima mmoja mkubwa, linakwenda mbali kuliko kutoka hapa hadi Mwanza, kisha kabla ya mchana linapotea lote. Alinionyesha pia picha iliyopigwa ukingoni mwa sayari, hewa yake ikionekana ubavuni kama utando mwembamba, tabaka juu ya tabaka. "Hiyo ndiyo hewa yote waliyonayo," alisema kwa huruma, kama anazungumzia jirani asiye na godoro.

Ila kama ungetaka kumwona mzee yule amechanganyikiwa kwa furaha, ungengoja kiangazi, vumbi limekauka kwenye uwanja wa mpira, na kisulisuli kinaanza kuzunguka katikati. Mirihi ina visulisuli vyake, virefu kuliko Kilimanjaro, na vinapopita vinafagia vumbi na kuacha mistari myeusi iliyopindapinda ardhini. Alikuwa amenionyesha mistari hiyo, mamia, imepitana kama nywele kwenye sakafu ya saluni. Sasa siku hiyo kikaanza cha kwetu, chekundu, kimebeba mifuko ya plastiki na majani, na watu wote wakakimbia kukipisha. Yeye akakunja kanzu, akakifuata.

"Mzee, kina shetani hicho!" alipiga kelele mwanamke wa genge la mboga.

"Mwache atangulie," alijibu bila kugeuka. "Nampima."

Na kweli alimpima. Kilipotoweka alibaki pale amejaa vumbi hadi kwenye kope, anahesabu hatua kando ya njia kiliyoiacha, ananipungia mkono niende nikaone. Nilifunga duka nikaenda mbio. Mchanga ulikuwa umefagiwa, na chini yake umetokea mweusi kidogo. "Umeona? Umeona?" alikuwa ananitikisa bega. "Ni kitu kile kile!" Nilikuwa nimeishi na visulisuli tangu utoto, na siku ile ndiyo niliyokiona cha kwanza.

Lazima niseme na habari ya doa, ingawa bado inaniuma.

Asubuhi moja alikuja na jozi ya picha nilizomtolea jana yake. Kwenye picha ya zamani, uwanda mtupu. Kwenye mpya, mahali pale pale, doa jeusi la duara lenye kimkia. Tulishikana mikono, tukaruka, mzee wa watu na raba zake! Jicho la kushoto wakati huo lilikuwa limekwenda karibu lote, naye alikuwa na hofu kila siku kwamba hatawahi. Sasa amewahi. Jioni kulikuwa na mkutano wa mtaa. Baada ya ajenda ya taka na ya maji aliomba nafasi, mwenyekiti akampa, naye akaiinua picha juu akaeleza. Watu walipiga makofi. Mmoja akauliza kama viwanja vya kule vimeanza kupimwa.

Kesho yake nilikuwa natoa kadi za harusi. Kwenye shavu la bibi harusi kulikuwa na doa jeusi la duara lenye kimkia. Nikatoa nyingine, likawepo. Nikatoa karatasi tupu, likawepo. Lilikuwa ni jeraha kwenye dramu ya printa yangu, ile silinda inayopaka wino, na lazima liliingia baada ya kutoa picha ya zamani.

Nilikaa na kadi ile mkononi. Niliwaza kunyamaza. Jicho linazima, mtu amefurahi, nani atakayeumia? Kisha nikakumbuka alivyonichomolea karatasi mkononi kwa kusema mto kabla ya wakati, nikajua akija kugundua mwenyewe hatanisamehe. Nikaipeleka kadi nyumbani kwake. Aliiweka kando ya Mirihi yake, akapima kwa rula kutoka ukingoni. Vipimo vikalingana. Akairudisha rula mezani, akasema, "Ahsante, binti."

Mkutano uliofuata aliomba nafasi tena. Alisimama mbele ya watu wale wale akasema, "Doa nililowaonyesha ni la mashine. Mie nilikuwa na haraka, sikuangalia. Nimekosea." Watu walicheka sana, na yeye alibaki amesimama mpaka kicheko kikaisha, ndipo akakaa. Nilimheshimu siku hiyo kuliko siku zote. Dramu nilibadilisha, na kuanzia hapo kila picha tuliitoa mara mbili, moja ikitoka kichwa kwanza na nyingine miguu kwanza, ili doa la mashine lisipate pa kujificha.

Lakini macho hayakungoja. Alianza kunishika kiwiko akivuka barabara. Kikombe alikuwa anakiweka nusu nje ya meza. Siku moja aliinama kwenye miwani ya mezani, akakaa hapo, akakaa, kisha akanyanyuka taratibu. "Bonde halifunguki tena," alisema. Niligeuka nikajidai napanga karatasi, kwa sababu nilikuwa nalia. Tangu hapo nikawa mimi ndiye ninayetazama, yeye anakaa kwenye stuli pembeni amefumba macho, ananiuliza. Nakiri nilikuwa msomaji mbovu. Mara nyingi nilimaliza picha nzima bila kumpa kitu, na hasira yake alijitahidi kuificha. Kisha akaacha kuja kabisa.

Ilipita miezi. Niliendelea kutafuta, nusu kwa mazoea na nusu kwa ukaidi, kila duka likitulia. Na Alhamisi moja mchana, kwenye uwanda wenye vumbi karibu na mlima ule wa wingu refu, nikaona. Picha ya zamani ilikuwa laini kabisa. Ya karibuni ilikuwa na baka jeusi lenye mistari iliyotawanyika kuelekea nje, na katikati yake nukta. Nikatoa kichwa kwanza, nikatoa miguu kwanza. Lipo. Nikatafuta picha ya tatu iliyopigwa siku nyingine. Lipo! Nikafungua orodha ambayo watafiti huweka ya mashimo mapya yaliyokwisha kuonekana, na nikalikuta humo. Mtu mwingine, sijui wa nchi gani, alikuwa amelipata kabla yangu.

Nilitaka kuacha. Ningempelekea nini mzee kipofu, kitu ambacho si chetu? Mwishowe nilifunga duka, nikabeba karatasi, nikaenda.

Alikuwa kwenye kochi sebuleni, amekonda, uso ameuelekeza dirishani. Alisema kilichobaki ni kujua tu kama dirisha limefunguliwa. Nilimwamkia nikamwambia nimekuja na kitu.

"Jua liko wapi?"

"Kushoto, chini kidogo."

"Kikoje?"

Nikamweleza yote, upana, weusi, mistari, nukta iliyong'aa upande wa kulia na kivuli upande wa kushoto. Aliniuliza maswali mpaka jasho likanitoka.

"Si la mashine?"

"Si la mashine. Nimetoa mara mbili, nikatazama na picha ya tatu." Nikaiweka karatasi mezani. "Ila mzee, limeshaandikwa. Kuna mtu katutangulia."

Nilingoja avunjike moyo. Aliruka kwenye kochi.

"Kwa hiyo lipo kweli!" alipiga kelele. "Mtu wa mbali ameliona na wewe wa Bunju umeliona, hamjuani! Lipo, binti, lipo! Niwekee kidole hapo."

Nikamshika kidole nikakiweka juu ya nukta. Alikisogeza huku na huku, na furaha ikaanza kumtoka usoni.

"Karatasi tupu," alisema.

Sikuvumilia. Nikakunja kitambaa cha meza mara nne, nikalaza picha juu yake, nikachukua kalamu iliyokwisha wino, nikabonyeza kwa nguvu, kwanza nukta, kisha mistari mmoja mmoja kama nilivyoiona. Haraka yangu ikaniponza, nilikuwa nimeilaza picha kifudifudi, nikafuata weusi uliopenya upande wa nyuma. Nikaigeuza, akapapasa.

"Kimetuna hiki. Umenipa kilima."

Tulicheka wote wawili. Nikachukua nakala ya pili, nikabonyeza kwa mbele. Kidole chake kikazunguka, kikapata shimo, kikatumbukia. Kikatoka, kikafuata mstari wa kwanza hadi mwisho, kikarudi, kikafuata wa pili, wa tatu, kikaendelea kuzunguka, kisha kikasimama.

"Huku hakuna mistari."

Nikatazama. Upande wa magharibi palikuwa patupu. Nilikuwa nimeichora yote kwa mkono wangu na sikuliona hilo.

"Basi jiwe limetokea huku," alisema, na kidole kikapita hewani juu ya karatasi, polepole, kutoka magharibi, kikashuka kwa mshazari mpaka ndani ya shimo. "Limekuja limelala. Vumbi likarukia mbele. Nimeliona! Binti, nimeliona likianguka!"

Nilimshika tu mkono mwingine.

"Mama watoto!" aliita kwa sauti iliyojaza nyumba. "Njoo ushike Mirihi!"

"Nakanda chapati mie!" mkewe alijibu kutoka jikoni.

"Njoo!"

Akaja, nadhani kwa sababu ya ile sauti, maana alisema hajaisikia siku nyingi. Alitutazama usoni, akapiga magoti mbele ya meza, akanyoosha kidole chake chenye unga. Mzee Ramani alisikia harufu yake ikikaribia, akaifunika picha kwa kiganja.

"Nawa mikono kwanza, mama," alisema. "Hili shimo bado jipya."